Somo la Mtu Mzima Lisife Njiani



Mwezi huu hatutazungumza juu ya miwa wala ng'ombe wa maziwa. Tutazungumza juu ya kitu kilichomo katika nyumba nyingi za wakulima, juu ya kabati au chini ya kitanda, nacho kimejaa vumbi. Kitu hicho ni kitabu cha masomo kilichoachwa katikati. Mwenyewe alianza kwa furaha. Alilipa ada, akanunua daftari na kalamu, akajibu zoezi la kwanza na la pili. Kisha akanyamaza. Ukimwuliza leo atakujibu, "Nilikosa nafasi," au, "Kichwa changu kimekuwa kigumu."

Mimi ni karani wa kilimo, na kabla ya kazi hii nilifunzwa ualimu. Nimeona watu wengi wakianza masomo ya namna hii na wengi wakiyaacha. Siku hizi siamini tena kwamba wanaacha kwa sababu ya kichwa kigumu. Naamini kwamba mtu mzima huacha masomo kwa sababu ya upweke, yaani hakuna anayemjibu wala anayemngojea. Somo letu la mwezi huu ni juu ya jambo hilo na dawa yake.

MASOMO YA MBALI NI NINI?

Masomo ya mbali ni yale ambayo mwalimu yuko mahali pake na mwanafunzi yuko nyumbani kwake. Hapo zamani kilichowaunganisha kilikuwa barua. Mwaka 1840 Uingereza ilianza posta ya bei rahisi, na Isaac Pitman akaanza kufundisha hati mkato kwa njia hiyo. Mwanafunzi aliandika zoezi lake, akalitia katika posta, naye Pitman akalisahihisha na kumrudishia. Angalieni vizuri jambo hili. Kutuma karatasi peke yake si kufundisha. Kazi ilikuwa katika kurudisha.

Hapa Kenya, mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichokuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianzisha huko Kikuyu idara ya masomo kwa njia ya posta. Wengi wa wanafunzi wake wa kwanza walikuwa walimu wa shule za msingi wasiokuwa na elimu ya kutosha kwa cheo chao. Walipelekewa masomo yaliyochapwa, wakasikiliza vipindi vya redio vya Sauti ya Kenya, na wakati wa likizo wakakutana na walimu wao uso kwa uso. Hata kabla ya hapo, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko kisiwani Rusinga, alisoma kwa posta na chuo kimoja cha Afrika Kusini huku akifanya kazi Nairobi. Baadaye, mwaka 1955, akaenda kusoma Oxford.

Siku hizi barua imepata wenzake. Somo hufika kwa simu ya mkono. Chuo Kikuu cha Maseno, kilicho karibu nasi, hufundisha kwa njia hiyo. Tena mwaka 2023 kikazaliwa Chuo Kikuu Huria cha Kenya. Mkulima naye aweza kusoma ufugaji wa kuku au hesabu za shamba bila kutoka nyumbani. Njia zimekuwa nyingi. Upweke wa msomaji haukuondoka.

MASOMO YALIYOLALA KATIKA DROO

Sasa nitawaeleza kosa langu mwenyewe, maana mwalimu asiyekiri kosa lake hana haki ya kusahihisha ya wengine.

Wakati mmoja nilipewa kazi ya kuendesha masomo mafupi ya hesabu za shamba katika skimu moja ya miwa. Masomo yalikuwa manane, kila moja karatasi nne. Wakulima kumi na wanne waliandikishwa, wanawake tisa na wanaume watano. Kila mmoja alisoma nyumbani kwake, akajibu maswali, akapeleka majibu yake katika ghala la chama cha ushirika. Dereva wa pikipiki aliyaleta kwangu. Kazi yangu ilikuwa kusahihisha na kurudisha pamoja na somo lililofuata.

Zoezi la kwanza nilipokea majibu ya watu kumi na wawili. Nikasahihisha upesi. Zoezi la pili, watu kumi na mmoja. Halafu ikaja kazi ya kuandikisha wakulima wa mbolea ya ruzuku, na meza yangu ikajaa. Majibu ya zoezi la tatu nikayatia katika droo nikisema, "Nitayatazama Jumatatu." Jumatatu ikapita, na nyingine, na nyingine. Wiki saba zikapita. Nilipoyarudisha mwishowe, pamoja na somo la nne, majibu yaliyorudi yalikuwa ya watu watatu tu.

Mnajua nilifanya nini? Niliandika katika taarifa yangu kwamba wanafunzi ni wavivu.

Kabla sijaipeleka taarifa ile, nikaenda skimu kwa kazi nyingine, na mama mmoja akanisimamisha njiani. Ni mjane, ana ekari tano, na majibu yake ndiyo yaliyokuwa mazuri kuliko yote. Alikuwa amekifunga kitabu changu katika karatasi ya nailoni.

"Bwana Karani," akasema, "chukua kitabu chako, mtu mwingine akitumie."

Nikamwuliza, "Mama, mbona unaacha? Wewe ndiwe uliyekuwa wa kwanza."

Akasema, "Hata jiwe likitupwa ziwani husikika. Barua zangu hazikusikika. Nikajua nimeandika upuuzi, na wewe umeona haya kuniambia."

Kisha akanieleza jambo jingine, bila hasira, nalo lilinichoma zaidi. Katika zile wiki saba hati yake ya malipo ya miwa ilifika. Hati ile ina mistari mingi: uzito wa miwa, bei ya tani, kisha makato ya kukata, ya kusafirisha, ya mbegu na ya mbolea, na mwisho kiasi kinachobaki. Yeye hakuweza kuisoma. Akamwomba kijana wa jirani. Kijana akatazama jumla ya makato akadhani ni deni, akamwambia, "Mama, hupati kitu, tena unadaiwa." Karo ya mtoto ilikuwa inangojea. Mama akamwuza mtamba wake kwa haraka, na mwuzaji mwenye haraka hapangi bei. Siku kumi baadaye fedha za miwa zikaingia katika Sacco. Deni halikuwapo.

Somo la nne lilikuwa juu ya namna ya kusoma hati ya malipo. Wiki zile zote lilikuwa mezani kwangu, linangojea nisahihishe la tatu.

Niliichana taarifa ile. Tangu siku hiyo nimejifunza mambo ninayotaka kuwapa sasa.

KWA NINI MTU MZIMA HUACHA MASOMO

Mtoto shuleni ana kengele. Ana mwalimu mbele yake na wenzake kando yake. Akichoka leo, kesho kengele itamwita tena. Mtu mzima anayesoma nyumbani hana kengele. Ana miwa ya kupalilia, ng'ombe wa kukamua, mgonjwa wa kupeleka hospitali na matanga ya kuhudhuria. Kitabu hakimwiti. Basi akikiacha wiki moja, kukirudia ni kuzito, na wiki mbili ni kuzito zaidi.

Sababu ya kwanza ni kimya. Mtu mzima akiandika jibu amejitoa mbele ya watu. Mtoto amezoea kukosa, lakini baba wa nyumba au mama mwenye wajukuu huona aibu. Asipojibiwa hafikirii kwamba karani ana kazi nyingi. Hufikiri kwamba yeye ni mjinga.

Sababu ya pili ni majira. Masomo mengi hupangwa na watu wasiolima. Zoezi kubwa huja mwezi wa Machi au Aprili, wakati mvua za masika zimeanza na kila mkono uko shambani. Tena sisi wa Kano tunajua mafuriko ya mto Nyando. Mwaka 2020 na mwaka 2024 watu walihama nyumba zao. Mtu anayeokoa magodoro na kuku hatafanya zoezi la tano, nalo zoezi la sita halitamngojea.

Sababu ya tatu ni faida isiyoonekana. Ukimwambia mtu mzima, "Soma, itakufaa baadaye," atakuheshimu lakini hatasoma. Anataka kuona kitu cha leo.

Sababu ya nne ni ndogo, na wengi hawaijui. Ni macho. Mtu akipita miaka arobaini, macho huanza kushindwa kuona herufi za karibu. Si ugonjwa, ni umri. Usiku, kwa taa hafifu, herufi huchezacheza, kichwa huuma, naye husema, "Masomo yananishinda." Nimemwona mzee aliyeacha masomo mara mbili. Alipopata miwani ya kusomea akamaliza kitabu kwa mwezi mmoja. Kabla hujasema una kichwa kigumu, kapimwe macho.

DAWA YA KWANZA: SOMENI KWA SAGA

Sisi wa kando ya ziwa tunajua saga. Watu huungana, wakalima shamba la huyu leo na la yule kesho. Kazi inayomshinda mmoja haiwashindi kumi. Basi fanyeni saga ya masomo.

Tafuta wenzako wanne au watano wanaosoma somo lile lile. Chagueni siku moja katika wiki, saa moja, na nyumba moja. Siku hiyo ndiyo kengele yenu. Someni kwa sauti, kwa zamu. Asiyejua kusoma haraka asikilize na aulize. Mmoja asipofika, mwenzake apite kwake kesho yake, si kumgombeza, bali kumwuliza habari na kumwachia somo. Mtu anayejua kwamba atangojewa, huja.

Jambo hili limejaribiwa katika nchi nyingi. Huko Kanada, tangu mwaka 1941 mpaka 1965, wakulima walikutana nyumbani kwa majirani wakati wa baridi, wakasikiliza kipindi cha redio juu ya mambo ya shamba, wakazungumza, kisha wakaandika maoni yao na kuyatuma. Maoni hayo yalisomwa kwa ufupi redioni. Mkulima wa mbali alisikia kwamba neno lake limefika.

Jirani zetu wa Tanzania walifanya hivyo kwa ukubwa zaidi. Mwaka 1973 waliendesha kampeni iliyoitwa "Mtu ni Afya". Watu kama milioni mbili walijiunga katika vikundi vidogo. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefundishwa kidogo, kitabu chepesi, na kipindi cha redio cha kila wiki kwa muda wa wiki kumi na mbili. Lakini hawakuishia katika kusikiliza. Kikundi kilijiuliza, "Sisi hapa tutafanya nini?" Wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakasafisha visima. Mtu aliyeona choo chake kimesimama hakuhitaji kuambiwa kwamba somo lina faida.

DAWA YA PILI: LIPELEKE SOMO SHAMBANI

Kila somo litumieni katika shamba kabla wiki haijaisha. Nitatoa mfano wa hesabu.

Kitabu kinafundisha kugawanya na kutafuta asilimia. Ukifanya hesabu hizo juu ya matufaha ya kitabuni utasinzia. Basi fanya juu ya mahindi yako. Umepanda kwa nafasi ya sentimeta 75 kati ya mistari na sentimeta 30 kati ya mashimo, mche mmoja kila shimo. Kila mche una eneo la mita 0.75 mara 0.30, yaani mita za mraba 0.225. Ekari moja ina mita za mraba 4,047. Gawanya 4,047 kwa 0.225. Utapata karibu miche 18,000.

Sasa ingia shambani. Hesabu mashimo 100 mfululizo uone mangapi hayakuota. Tuseme 20. Hiyo ni asilimia 20. Asilimia 20 ya miche 18,000 ni miche 3,600. Umepalilia nafasi ya miche 3,600 ambayo haipo, na mbolea umeiweka pale pale. Mkulima akifika hapo haulizi tena kwa nini watu hujifunza asilimia. Huuliza mbegu zake zilikuwa na kasoro gani, au ndege walikula, au alifukia chini mno. Somo limemfungulia mlango.

DAWA YA TATU: PANGA SAA NA MSIMU

Usijiwekee saa mbili kila usiku, maana utashindwa siku ya tatu na kukata tamaa. Anza na nusu saa, mara tatu katika wiki. Haba na haba hujaza kibaba. Chagua saa ambayo mwili haujachoka. Wengine hufaulu alfajiri, kabla ya kukamua.

Kabla ya kulipa ada, uliza mambo haya: Majibu yangu yatarudi baada ya siku ngapi? Nani atanijibu nikikwama? Nikichelewa kwa ajili ya kupanda au mafuriko, nitaweza kuendelea? Chuo kisichoweza kujibu maswali haya kabla ya kupokea fedha zako hakitayajibu baada ya kuzipokea.

Pia panga kupumzika. Katika wiki za kupanda na kupalilia, kikundi kikutane kwa nusu saa tu, bila zoezi, kila mmoja aseme habari za shamba lake. Jambo kubwa ni siku ile isivunjike.

NENO KWA WALIO NYUMBANI

Baba, mkeo akisoma, mshike mtoto kwa nusu saa. Mama, mumeo akitoa daftari, usimwambie, "Sasa umekuwa mwanafunzi?" mbele ya watoto. Neno dogo la kicheko limefunga vitabu vingi. Nanyi vijana mnaojua simu, msaidieni mzazi kufungua somo, lakini msimfanyie zoezi. Mkiombwa kusoma hati ya fedha, someni mstari baada ya mstari mpaka wa mwisho, na msipoelewa semeni, "Sielewi." Mnakumbuka habari ya mtamba.

NENO KWA WANAOFUNDISHA

Ndugu zangu makarani, mabwana shamba na walimu, mtu mzima akikutumia jibu, mjibu. Hata kama hujalisahihisha, mpelekee neno kwa simu: "Nimepokea. Nitakurudishia Ijumaa." Neno hilo halina gharama kubwa. Kisha Ijumaa ufanye kama ulivyosema.

Unaposahihisha, usiijaze karatasi wino mwekundu. Kwanza taja jambo moja alilofanya vizuri, nalo liwe kweli, maana mtu mzima hujua sifa za uongo. Halafu mwonyeshe kosa moja kubwa na namna ya kulitengeneza. Makosa mengine yangoje somo lifuatalo. Tena mwandikie kwa jina lake na kwa heshima yake.

MWISHO WA HABARI YA MAMA

Nilimwomba mama yule msamaha, nikamwachia kitabu. Nikawaendea na wengine mmoja mmoja. Tukaunda vikundi vitatu vya kukutana kila Alhamisi jioni, nami nikaahidi kurudisha majibu katika siku kumi. Mara moja nilichelewa, nikapiga simu. Kati ya watu kumi na wanne, kumi walirudi, na wanane wakamaliza masomo yote manane. Wengine hawakurudi, na sina haki ya kuwalaumu.

Mama alimaliza. Hati ya malipo iliyofuata aliisoma mwenyewe, kwa miwani, kidole kikifuata kila mstari, mbele ya kikundi kizima. Kisha majirani wawili wakamletea za kwao. Mtamba wake haukurudi. Lakini siku hizi katika skimu ile hakuna anayeuza mnyama kwa sababu ya karatasi mpaka mama awe ameiona kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni nani hapa kwetu aliyeanza masomo akayaacha? Aliacha wiki gani, na wiki hiyo palikuwa na kazi gani shambani?

2. Katika hati ya malipo ya miwa au ya maziwa, ni mstari gani hatuuelewi? Tutamwuliza nani kabla ya mwezi kwisha?

3. Hesabuni mashimo 100 ya mahindi katika shamba la kila mmoja. Mangapi hayakuota? Ekari nzima imepungukiwa na miche mingapi?

4. Siku gani na saa gani tutakutana, na mwenzetu asipofika, nani atapita kwake?

Swali la nne ndilo kubwa. Kama hamna nafasi ya kuyajibu yote, jibuni hilo leo kabla hamjaachana.